Kuzuia Usaha katika Mvunjiko Wazi: Kazi Ianzie Wapi?

Watu wengi huamini kwamba mfupa unapovunjika jambo la kuhofiwa ni mfupa wenyewe: je, utaunga au hautaunga, utanyooka au utapinda? Kwa mvunjiko wa kawaida, ambao ngozi haikupasuka, imani hiyo ina ukweli wake. Lakini uko mvunjiko wa namna nyingine, ambao ncha ya mfupa hutoboa nyama na ngozi na kutokeza nje, au kitu kizito huponda mguu hata mfupa ukaonekana. Madaktari huuita mvunjiko wazi. Hapo mfupa si tatizo la kwanza tena. Tatizo la kwanza ni usaha. Mfupa ulio hai huunga wenyewe ukishikiliwa vizuri. Mfupa uliovamiwa na bakteria hauungi, na mwenye mguu huo aweza kutumia miaka kadhaa ya maisha yake akiingia na kutoka hospitalini, akipasuliwa mara ya pili na ya tatu, na pengine mwishowe akapoteza mguu ambao siku ya ajali ulikuwa unaweza kuokolewa.

Tuseme ajali hiyo imetokea Matogoro, kando ya mji wa Songea, chini ya milima ambako Mto Ruvuma huanzia safari yake ndefu ya kwenda Bahari ya Hindi. Pikipiki imeteleza katika mteremko wa udongo mwekundu, au gogo limemponda mtu mguu wakati wa kupasua mbao. Mfupa unaovunjika mara nyingi katika ajali za jinsi hii ni muundi. Mwanafunzi anayetaka kujua kwa nini muundi ndio huota usaha kuliko mifupa mingine apitishe kidole mbele ya mguu wake, kutoka gotini hadi kifundoni. Atakuta kwamba upande huo hakuna nyama yoyote. Kuna ngozi, na chini ya ngozi kuna mfupa. Paja limezungukwa na misuli minene yenye damu nyingi, na damu ndiyo njia ya askari wa mwili na ya dawa pia. Muundi umeachwa karibu uchi. Ngozi yake ikichanika, mfupa umekwisha kuonana na udongo, samadi, vipande vya nguo na kila kilichokuwa barabarani.

Kabla ya nusu ya pili ya karne ya 19, daktari wa Ulaya aliyeona mvunjiko wa namna hiyo mara nyingi alikata mguu papo hapo, kwa kuwa aliona afadhali mgonjwa aishi na mguu mmoja kuliko kufa na miwili. Tarehe 12 Agosti 1865, katika hospitali ya Glasgow, mtoto wa miaka 11 aitwaye James Greenlees alipokelewa akiwa amekanyagwa na gurudumu la mkokoteni, muundi umevunjika na ngozi imepasuka. Daktari Joseph Lister alikuwa amesoma kazi za Louis Pasteur juu ya uchachu na uozo, akahisi kwamba usaha nao huletwa na viumbe vidogo vitokavyo nje. Alikifunika kidonda kwa kitambaa kilicholowa asidi ya kaboliki. Wiki sita baadaye mifupa ilikuwa imeunga. Mwaka 1867 Lister alitangaza habari za wagonjwa 11 wa mvunjiko wazi. Mmoja alikufa, mmoja alikatwa mguu, na tisa walipona na miguu yao. Ni vema ikumbukwe kwamba sayansi ya kuzuia maambukizo katika upasuaji ilizaliwa kutokana na muundi uliovunjika. Haikuzaliwa kutokana na ugonjwa wa tumbo wala wa kifua.

Baada ya Lister ilikuja kanuni ya saa sita. Mjerumani Paul Friedrich, mwaka 1898, aliwatia simbilisi vidonda, akaweka humo udongo na vumbi, kisha akavisafisha kwa kukata nyama iliyochafuka baada ya muda mbalimbali. Waliosafishwa mapema walipona. Ilipopita saa sita hadi nane, kukata hakukufaa tena. Kutokana na simbilisi hao vitabu vya upasuaji vilifundisha, kwa karibu karne nzima, kwamba mvunjiko wazi sharti upasuliwe ndani ya saa sita. Utafiti wa miaka ya karibuni juu ya binadamu haukuithibitisha kanuni hiyo. Huko Uingereza mwongozo wa madaktari wa mifupa unataka kidonda kilichochafuka sana kisafishwe mara moja, kile cha ajali yenye kishindo kikubwa ndani ya saa 12, na vingine ndani ya saa 24. Lakini mwongozo huo huo unataka dawa ya antibiotiki itolewe, ikiwezekana, ndani ya saa moja tangu kuumia. Kwa maneno mengine kisu kimepewa nafasi ya kusubiri kidogo, sindano haikupewa.

Kwa nini saa moja? Jibu limo katika tabia ya bakteria wenyewe. Bakteria anayeingia katika kidonda huanza akiwa peke yake, anaelea katika majimaji, na katika hali hiyo dawa humwua kwa urahisi. Lakini kusudi lake ni kupata mahali pa kushika. Nyama iliyokufa, kipande cha mfupa kilichokosa damu na, hasa, chuma ambacho daktari atakiweka baadaye ili kuushikilia mfupa, vyote havina uhai wa kujitetea. Bakteria akinata juu yake huzaana na kutoa ute, na ute huo hugeuka utando unaolifunika kundi zima. Ndani ya utando bakteria hupunguza mwendo wa maisha yao, na dawa nyingi, ambazo hufanya kazi kwa kuharibu chembe zinazokua, hupita bila kuwadhuru. Askari wa damu nao hushindwa kuingia. Mwaka 1957 Elek na Conen, wakiwa London, walionyesha jambo la kutisha. Ili kuleta jipu katika ngozi ya mtu mzima wa afya zilihitajika stafilokokasi mamilioni kadhaa. Lakini palipokuwa na uzi wa hariri katika ngozi, mia chache tu zilitosha. Uzi mmoja umefanya hivyo. Je, msumari wa chuma wa urefu wa muundi mzima?

Mwaka 1987 daktari wa Kimarekani Anthony Gristina alilifananisha jambo hili na mbio. Chembe za mwili na chembe za bakteria hushindana kuufikia uso wa chuma. Atakayetangulia ndiye atakayekaa. Bakteria waliobebwa na udongo hutangulia kuanza mbio hizo tangu dakika ya ajali. Dawa ikiingia mapema katika damu huwakuta bado njiani. Ikiingia kesho huwakuta wamekwisha kujenga.

Ushahidi wa vidonda vya kweli unakubaliana na maelezo hayo. Mwaka 1974 Michael Patzakis na wenzake huko Marekani waliwagawa wagonjwa wa mvunjiko wazi katika makundi. Kati ya waliokosa antibiotiki, asilimia 13.9 waliota usaha. Kati ya waliopewa penisilini pamoja na streptomisini, asilimia 9.7, na kati ya waliopewa sefalotini, asilimia 2.3. Mwaka 2015 William Lack na wenzake walichunguza wagonjwa 137 wenye mvunjiko wazi wa muundi wa daraja la tatu, yaani daraja la uharibifu mkubwa kabisa. Waliona kwamba waliocheleweshewa dawa zaidi ya dakika 66 tangu kuumia walipatwa na usaha zaidi ya waliowahi.

Sasa dakika hizo 66 ziwekwe juu ya ramani ya Mkoa wa Ruvuma. Kutoka Tunduru hadi Songea ni zaidi ya kilomita 250. Kutoka Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, ni zaidi ya kilomita 150 za milima. Iko hospitali ya mkoa Songea mjini, na iko hospitali ya misheni Peramiho, umbali mfupi upande wa magharibi. Lakini kwa aliyeumia Tunduru au Nyasa saa moja itakwisha kabla hajaiona hata taa ya hospitali hizo. Na akihitaji kupelekwa Dar es Salaam, amebakiwa na barabara ya zaidi ya kilomita 900. Kwa hesabu hiyo hakuna daktari bingwa, hata angekuwa hodari namna gani, atakayeweza kutoa sindano ya kwanza kwa wakati. Anayeweza ni tabibu au muuguzi wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na ajali. Mpango wowote wa kuzuia usaha unaoanza mlangoni mwa chumba cha upasuaji umeanza umechelewa.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba kuziachia zahanati sindano za antibiotiki ni kuongeza usugu wa bakteria, na kwamba dawa zimekwisha kutumiwa ovyo vya kutosha. Hofu hiyo ni ya haki, lakini imeelekezwa mahali pasipo pake. Dozi moja anayopewa mtu mwenye mfupa uliotokeza nje haiwezi kulinganishwa na desturi iliyoenea ya kuendelea kumpa mgonjwa sindano kwa siku saba au kumi baada ya upasuaji safi, eti kwa usalama. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilikataza kuendeleza dawa za kinga baada ya upasuaji kumalizika. Kwa mvunjiko wazi siku chache zaidi huruhusiwa kulingana na ukubwa wa uharibifu, lakini ni chache. Aidha, dawa yenyewe si lazima iwe kali. Sefazolini, iliyo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika hilo, imewekwa katika fungu la dawa za kutumiwa kwanza, wakati seftriaksoni, inayopendwa mno katika wodi nyingi, imo katika fungu la dawa za kuchungwa. Kutoa dawa mapema na kuiacha mapema ndiko kunakopunguza usugu. Desturi ya siku hizi hufanya kinyume chake mara mbili: huchelewa kuanza, na huchelewa kuacha.

Dawa peke yake haitoshi. Hakuna antibiotiki inayoweza kuingia katika nyama isiyo na damu, na kwa hiyo nyama iliyokufa lazima ikatwe na kidonda kioshwe. Hapa kuna habari njema kwa hospitali zisizo na fedha nyingi. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2015, ambao ulitazama wagonjwa 2,447 katika nchi tano, Uhindi ikiwa mojawapo, ulilinganisha kuosha mvunjiko wazi kwa sabuni na kuosha kwa maji ya chumvi ya hospitali, na pia kuosha kwa mashine yenye msukumo mkubwa na kwa msukumo mdogo. Wengi walitazamia kwamba sabuni na mashine vingeshinda. Waliooshwa kwa sabuni walirudishwa kupasuliwa kwa asilimia 14.8, wa maji ya chumvi kwa asilimia 11.6. Msukumo haukuleta tofauti ya maana. Maji safi ya chumvi katika chupa iliyoning'inizwa, na mikono yenye subira, vimeishinda mashine ya bei. (Sabuni inabaki na kazi yake kubwa, nayo ni mikono ya mpasuaji na ngozi iliyo nje ya kidonda.)

Hata suala la chuma gani kitumike limepata jibu lake hapa nchini. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dk. Billy Haonga na wenzake waliwaandikisha wagonjwa 240 wenye mvunjiko wazi wa muundi, wakawagawa kwa bahati nasibu: nusu watiwe msumari ndani ya mfupa, nusu washikiliwe kwa vyuma vya nje. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Katika mwaka mmoja, waliokufa au kulazimika kupasuliwa tena kwa sababu ya usaha wa ndani, kutounga au kupinda walikuwa 20 kati ya 111 wa msumari, na 24 kati ya 110 wa vyuma vya nje. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kusema njia moja imeishinda nyingine, ingawa miguu ya msumari ilinyooka vizuri zaidi. Kilichodhihirika ni kwamba kwa njia yoyote ile, karibu mgonjwa mmoja katika kila watano alipata balaa. Kinachoamua balaa hilo, kwa sehemu kubwa, kimekwisha kutokea kabla chuma hakijachaguliwa. Taasisi hiyo, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha California cha San Francisco, imejaribu pia kudunga jentamisini moja kwa moja penye kidonda, mahali ambapo damu haifiki vizuri. Ni wazo zuri. Lakini nalo litamfaa yule tu aliyefika.

Ndani ya hospitali kuna mambo ambayo hayahitaji fedha za kigeni. Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, utafiti uliotangazwa mwaka 2011 juu ya wagonjwa 250 wa upasuaji mkubwa ulikuta asilimia 26 wamepata maambukizo ya jeraha. Miongoni mwa mambo yaliyoandamana na maambukizo hayo yalikuwa upasuaji uliozidi saa tatu, uvutaji wa sigara, na kupaka ngozi iodini peke yake pasipo spiriti. Chupa ya spiriti! Kunyoa nywele kwa wembe kabla ya upasuaji nako kumekatazwa na Shirika la Afya Duniani, kwa sababu wembe huchana ngozi kwa michano isiyoonekana ambamo bakteria hujificha. Nywele zikizuia kazi zikatwe kwa mashine ya kukatia. Bado wembe unaonekana katika wodi nyingi.

Tena kuna jambo la hesabu. Huko Moshi, katika Hospitali ya KCMC, utafiti uliotangazwa mwaka 2003 ulifuatilia wagonjwa 396; kati yao 77, yaani asilimia 19.4, walipata maambukizo. Katika hao 77, wapatao 28 hawakuonyesha dalili wakiwa wodini. Usaha ulijitokeza wakiwa wamekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani. Basi hospitali isiyowafuata wagonjwa wake nyumbani itaandika katika daftari lake kwamba wamepona, na theluthi nzima ya makosa haitaonekana. Kwa mifupa hali ni mbaya zaidi, maana usaha wa ndani ya mfupa waweza kujificha kwa miezi kabla ya kutoboa ngozi. Hospitali ya mkoa ingeweza kumweka muuguzi mmoja na simu moja ya kuwauliza wagonjwa hali zao baada ya siku 30, na tena baada ya siku 90 kwa waliowekewa chuma. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kumrudisha mgonjwa mmoja tu katika chumba cha upasuaji.

Wataalamu wa jadi wa kuunga mifupa wametajwa kwa dharau mno katika maandishi ya kitabibu. Kwa mvunjiko uliofungika, wengi wao wana mikono ya ustadi, na magango yao ya mianzi hufanya kazi ile ile ya plasta. Lakini mvunjiko wazi si kazi yao, na wengine wao hulikiri hilo wenyewe. Majivu, majani yaliyotwangwa au samadi juu ya mfupa uliotokeza ni kumpandia bakteria shamba. Na mojawapo ya bakteria wa udongo na samadi ni yule wa pepopunda, ambaye hawangoji mabingwa. Mazungumzo ya heshima kati ya vituo vya afya na wataalamu hao, ili wawe wa kwanza kumpeleka mgonjwa badala ya kuwa wa mwisho kumwachia, yangeokoa miguu mingi kuliko amri za kuwakataza.

Je, mahali pa shule ni wapi katika haya yote? Aliyeanguka na pikipiki hafikiwi kwanza na tabibu; hufikiwa na wapita njia, na mara nyingi hao ni vijana wa shule. Wanachotakiwa kujua ni kidogo. Damu izuiwe kwa kugandamiza kwa kitambaa safi. Mfupa uliotokeza usisukumwe ndani, kwa sababu kuusukuma ni kuupeleka udongo mahali ulipokuwa haujafika. Kidonda kifunikwe kwa nguo safi kabisa iliyopo, kanga iliyofuliwa ikifaa sana, na mguu ufungwe pamoja na banzi, kisha mgonjwa apelekwe penye sindano iliyo karibu. Penye daktari mashuhuri atafika baadaye. Saa ya ajali iandikwe katika karatasi na kusafiri na mgonjwa, kwani kila daktari atakayemwona ataiuliza.

Matogoro pana Chuo cha Ualimu, na walimu wanaotoka humo husambaa shule nyingi. Somo la bakteria hufundishwa mara nyingi kwa picha za ubaoni, ilhali liko jaribio lisilohitaji maabara, ambalo Robert Koch mwenyewe alianza nalo kabla ya kupata njia bora. Viazi mviringo huchemshwa, hukatwa vipande kwa kisu kilichochemshwa, na kuwekwa katika vyombo vya kioo vilivyochemshwa vyenye vifuniko. Kipande kimoja huguswa kwa kidole kilichotoka shambani, cha pili kwa kidole kilichooshwa kwa sabuni, cha tatu kwa kidole kilichopakwa spiriti, na cha nne hakiguswi. Vyombo hufunikwa na kuachwa mahali pa joto kwa siku tatu au nne, kisha hutazamwa bila kufunguliwa. Na jaribio likiisha, vyote huchemshwa tena ndipo vitupwe. Kipande cha tano chaweza kuwekwa udongo kidogo, kikaachwa saa sita ndipo kioshwe kwa maji yaliyochemshwa, na cha sita kikaoshwa baada ya dakika kumi tu. Wanafunzi wenyewe wapime kwa rula upana wa madoa yatakayoota katika kila kipande, na waandike tofauti kati ya cha tano na cha sita.